Tengefu Bila Watalii: Kisa cha Kijiji Kimoja cha Wavuvi, Pwani ya Kusini ya Kenya, 2020–2021

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa BMU (vyama vya wavuvi vya kusimamia fuo), maafisa wa uvuvi wa kaunti na yeyote anayeisaidia jamii kutunza mwamba au msitu kwa fedha za wageni. Jina la kijiji, la chama na la wahusika yameondolewa, pamoja na mambo machache ambayo yangewatambulisha. Tarehe za amri za serikali zimeachwa kama zilivyotangazwa.

Mwaka 2020, korona ilipoenea, ilisemwa sana kwamba watu wamefungiwa ndani na dunia imepata kupumua. Neno hilo lilikuwa na ukweli wake. Mwanzoni mwa Aprili 2020 hewa ya kaboni iliyotolewa kila siku duniani ilishuka kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na wastani wa 2019. Lakini ukichukua mwaka mzima, upungufu ulikuwa wa asilimia 5 hivi, na mwaka 2021 karibu wote ukafutika. Kwenye pwani inayokaliwa na watu mambo yalikwenda kinyume na neno hilo: watalii walipoondoka, bahari ilikosa mlinzi wake. Kijiji hiki kinaonyesha jinsi hilo linavyotokea hatua kwa hatua, na nini kinaweza kufanywa likishatokea.

Usuli

Kijiji kimekaa kwenye ghuba iliyokingwa na mwamba. Kati ya ufuo na mwamba kuna maji ya kina kifupi, majani ya bahari na matumbawe. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wenye mikoko: mkoko wenyewe karibu na maji, mkandaa nyuma yake, na mchu upande wa nchi kavu. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, wavuvi hutoka nje ya mwamba kwa ngalawa na mashua. Kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, likianza kuvuma mnamo Aprili, wenye vyombo vidogo hubaki ndani hadi bahari itulie. Msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu ugonjwa uliingia Kenya wakati ule ule kusi linapoanza.

Tengefu, yaani sehemu ya bahari ambayo jamii imeifunga isivuliwe, lilikuwa limetengwa miaka kadhaa kabla, baada ya mabishano marefu, katika sehemu ya ndani yenye matumbawe mazuri kuliko yote. Waliotoa zaidi ni wazee wa madema, mitego ya samaki iliyosukwa. Mwenye dema hana mashine wala chombo kikubwa cha kumpeleka mbali. Eneo lililofungwa lilikuwa ndilo shamba lake la tafi na changu. Walikubali kwa ahadi mbili. Ya kwanza, samaki watakaokua ndani watamwagikia nje. Ya pili, kiingilio cha watalii kitalipa karo za watoto wa kijiji.

Ahadi zote mbili zilitimizwa kwa kiasi chake. Mtalii aliyekuja kuogelea juu ya matumbawe alilipa, na fedha ziligawanywa mafungu: posho ya walinzi, mafuta ya boti ya doria, karo, na sehemu ya BMU. Fungu la akiba halikuwapo. Kilichobaki mwisho wa msimu kiligawanywa hadharani, na wenyewe walikuwa na sababu: miaka ya nyuma fedha zilizokaa benki zilileta shutuma zilizokaribia kukivunja chama.

Nyumba nyingi za kijiji zilisimama kwa kazi tatu. Mwanamume anavua, kijana anafanya kazi hotelini au anatembeza wageni ufukweni, na mwanamke ni mama karanga, ananunua samaki wadogo, anakaanga na kuuza jioni. Ukizitazama kwa haraka, ni kazi tatu mbalimbali. Ukifuata fedha, mbili kati yake zilianzia kwa mtalii, na hata ya tatu, ya mvuvi mwenyewe, ilitegemea mnunuzi wa hoteli kwa samaki wakubwa, kamba na pweza.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa. Ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa usiku wa tarehe 25 Machi, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27, na tarehe 8 Aprili ikawa marufuku kuingia au kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Hoteli zilizokuwa na wageni wachache waliobaki ziliwasafirisha na kufunga milango.

Mwanzoni kamati ya tengefu haikushtuka sana. Aprili hadi Juni ni msimu mfu kila mwaka. Walinzi wamezoea kupokea posho ndogo au kungoja. Pigo lilijificha ndani ya kalenda ya kawaida. Mambo yalianza kubadilika sokoni kwanza, baharini baadaye.

Mnunuzi wa hoteli alitoweka. Tajiri anayekusanya pweza kwa ajili ya viwanda vinavyouza nje alipunguza bei, kisha akaacha kuja. Mama karanga wakapata pigo lao: biashara yao ni ya jioni, na saa moja kila mtu alitakiwa awe ndani. Ramadhani iliangukia mwishoni mwa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei. Kwa kawaida ndio mwezi wao mzuri, lakini mwaka huo jua lilipozama muda uliobaki kabla ya kafyu haukutosha hata kupoza karai. Samaki walirudi nyumbani bila kuuzwa.

Mtu wa mjini angedhani bei ikianguka wavuvi watavua kidogo. Ilikuwa kinyume. Mvuvi aliyehitaji shilingi zile zile za unga na sabuni ilibidi alete samaki wengi zaidi. Wakati huo huo, vijana waliofukuzwa hotelini walirudi kijijini, wanafunzi walikuwa nyumbani, na wote wakaingia majini. Kusi lilikuwa limeshapanda, nje ya mwamba hakuendeki kwa chombo kidogo, kwa hiyo kijiji kizima kilivua kwenye ukanda ule ule mwembamba wa ndani, huku nusu nzuri ya ukanda huo ikiwa imefungwa.

Kulikuwa pia na wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi ya msimu, Wapemba waliokuja na kaskazi kama walivyozoea na ambao kwa kawaida hurudi kwao kusi linapoanza. Baadhi walichelewa, na tarehe 16 Mei Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, wakakwama.

Walinzi hawakupata posho kuanzia Aprili. Wachache waliendelea kufanya doria ya mchana kwa hiari. Usiku haikuwezekana, hakuna aliyetaka kukutwa njiani wakati wa kafyu. Wavuvi wa halali wa usiku, ambao zamani ndio waliokuwa macho ya bahari, walikuwa wamelala majumbani. Aliyekuwa tayari kuvunja amri moja hakuona taabu kuvunja mbili. Kufikia mwishoni mwa Mei zilionekana dalili za nyavu za uzi mmoja (za nailoni) ndani ya tengefu, na kwenye mikoko visiki vipya vya mkandaa, vilivyokatwa kwa ajili ya nguzo na kuni.

Tukio lililofungua mjadala lilitokea Juni. Kijana mmoja, aliyekuwa mhudumu wa mkahawa hotelini, alikamatwa alfajiri akitoa nyavu ndani ya tengefu. Aliyemkamata alikuwa mlinzi ambaye ni mjomba wake, na ambaye mwenyewe alikuwa hajalipwa kwa zaidi ya miezi miwili. Kwa kanuni za chama, nyavu zilipaswa kushikwa na kijana kupelekwa kwa afisa wa uvuvi, na kwa kuwa ilikuwa saa za kafyu, kesi ingekuwa mbili. Ndani ya siku moja kijiji kiligawanyika. Mama wa kijana alimwuliza ndugu yake mbele za watu kama anamlinda samaki au anamlinda mgeni ambaye haji tena.

Maamuzi na sababu zake

Kwa desturi jambo kama hilo lingetangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa na watu wangekutana siku hiyo hiyo. Misikiti ilikuwa imefungwa. Mwenyekiti wa BMU na wazee watatu waliamua kufanya baraza kwa mafungu, chini ya mkwaju, kila mtaa na wawakilishi wake, watu wamekaa mbalimbali na barakoa usoni. Lilichukua muda mrefu kuliko mkutano mmoja mkubwa, lakini wazee wa madema walizungumza zaidi kuliko walivyowahi kuzungumza kwenye mikutano iliyojaa vijana wa ufukweni.

Njia tatu zilizungumzwa. Ya kwanza ilikuwa kuendelea kulifunga tengefu lote na kuomba maafisa wa serikali wasaidie doria. Waliipinga kwa sababu maafisa hawakuwa na mafuta wala watu wa kutosha, na kwa sababu kuleta askari dhidi ya jirani mwenye njaa kungeua heshima ya chama hata baada ya ugonjwa kwisha. Ya pili, kulifungua lote hadi watalii warudi. Baadhi ya vijana waliitaka. Wazee waliona kwamba mwamba uliochukua miaka kupona ungemalizwa kabla kusi halijaisha.

Waliichukua ya tatu: kulikata tengefu. Ukanda wa majani ya bahari ulio karibu na ufuo ulifunguliwa, matumbawe yakabaki yamefungwa kabisa. Ndani ya ukanda yaliruhusiwa madema, mishipi, na wanawake kuchokoa pweza kwa miguu siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Nyavu za aina yoyote na bunduki za kuvulia zilikatazwa. Kila nyumba iliyoorodheshwa ilipewa nafasi moja, na nafasi hiyo ilikuja na wajibu: kushika zamu ya ulinzi wa matumbawe bila malipo. Kafyu ilikuwa imesogezwa hadi saa tatu usiku tangu mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo zamu ya jioni iliwezekana tena.

Kijana aliyekamatwa hakupelekwa mbali. Nyavu zake zilichukuliwa, akapewa nafasi ya mshipi kwa jina la nyumba ya mama yake, na zamu za mjomba akazishika yeye kwa msimu ule. Wapo waliosema huo ni upendeleo. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote ya mwaka ule, kwani ulimrudisha mtu kwenye kanuni badala ya kumsukuma nje yake, na vijana wenzake walikuwa wakitazama.

Shirika la nje lililokuwa likisaidia mafunzo lilipinga kufunguliwa kwa ukanda. Lilihofia eneo likishafunguliwa halitafungwa tena. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kama tutakavyoona. Ila shirika lenyewe halikuwa na fedha za posho wakati huo, na kamati ilisimama kwenye uamuzi wake.

Serikali nayo ilitenga fedha. Katika mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa tarehe 23 Mei 2020, shilingi bilioni 1 zilielekezwa kuajiri maskauti 5,500 wa jamii (walinzi wa wanyamapori) chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na bilioni 1 nyingine kusaidia hifadhi 160 za jamii. Kijiji hakikupata kitu. Tengefu lake liko chini ya sheria za uvuvi na BMU, na mlango wa fedha ulikuwa upande wa wanyamapori. Mlinzi wa mwamba anafanya kazi ile ile ya mlinzi wa ndovu, lakini kwenye karatasi hakuonekana.

Matokeo

Matumbawe yalishikilia. Uvunjaji haukwisha, ila ulipungua tangu zamu zianze, na walioshika zamu walijua ngalawa ya kila mtu. Mwamba wenyewe ulipata nafuu ya kweli kutokana na kukosekana kwa wageni: hakukuwa na nanga za boti, miguu juu ya matumbawe wala kelele za mashine kutwa nzima.

Ukanda uliofunguliwa ulichakaa. Miezi ya kwanza tafi walikuwa wakubwa na wazee wa madema walifurahi. Kufikia mwisho wa mwaka dema lilitoa samaki wadogo kama popote pengine. Pweza walistahimili zaidi, kwa kuwa pweza hukua haraka na wanawake walichokoa siku za bamvua tu.

Mikoko iliumia kuliko yote. Katika mkono mmoja wa bahari mkandaa ulikatwa hadi ukabaki uwazi unaoonekana kutoka kwenye chombo. Baraza lilikuwa limezungumza samaki siku zote na halikugusa miti.

Wapemba wa dago hawakuwamo kwenye orodha ya nyumba, kwa kuwa hawakuwa na nyumba. Kwa miezi kadhaa waliishi kwa kuwabebea wengine mizigo na kwa chakula cha wenyeji wao, na baadhi walivua palipokatazwa. Walipolaumiwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaambia wavue wapi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Marufuku ya kuingia na kutoka Kwale na Kilifi iliondolewa Juni, ya Mombasa Julai, na ndege za kimataifa zikarudi tarehe 1 Agosti 2020, lakini wageni hawakuja kwa wingi. Kenya ilikuwa imepokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Kijijini kiingilio kilianza kuonekana tena Desemba, hasa kutoka kwa Wakenya wa bara waliokuja kwa sikukuu. Posho za walinzi zilirudi kwa vipande mwaka 2021. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni wakati wa uamuzi. Kamati ililegeza kanuni kabla haijavunjwa na kila mtu. Kanuni iliyovunjwa na wengi hairudi kwa barua. Iliyolegezwa kwa maafikiano bado ni ya wenyewe. Tofauti hiyo ilionekana pale kijana alipokamatwa: bado kulikuwa na chombo cha kumhukumu, na hukumu ilifuatwa.

Uchaguzi wa zana ulisaidia pia. Dema na mshipi vina kikomo chake. Mtu mmoja hawezi kutega madema mengi kuliko mikono yake inavyoweza kuyainua, ilhali nyavu za uzi mmoja huvua hata mwenyewe akiwa amelala. Kwa kuruhusu zana hizo, kamati iliwarudishia kwanza wale waliopoteza zaidi tengefu lilipoanzishwa. Wazee wa madema waliokuwa wakilalamika kwa miaka wakawa walinzi wakali kuliko walinzi wa posho. Hili lilinifundisha kwamba sehemu ya ulinzi iliyokuwa ikinunuliwa kwa fedha za watalii ingeweza tangu mwanzo kusimama kwa haki ya kuvua, kama haki hiyo isingechukuliwa yote.

Kilichoshindwa kiliandaliwa kabla ya korona. Mapato yalitoka mlango mmoja, na akiba haikuwapo. Ni rahisi kuwalaumu waliogawana kila senti, lakini tatizo lilikuwa imani: walihofia fedha zinazokaa kwa sababu hesabu haikuwa ikisomwa. Chama kinachosoma hesabu hadharani kila mwezi kinaweza kuweka akiba ya miezi michache ya posho bila kugombana. Kisichosoma kitagawana, na kitakuwa na sababu.

Kushindwa kwa pili ni orodha ya nyumba. Ilikuwa rahisi kuandika na ilionekana ya haki, lakini iliwatambua watu kwa paa lao. Mwanamke mjane anayeishi kwa kaka yake alikosa nafasi yake mwenyewe. Mvuvi wa dago alikosa kabisa. Bahari ya Pwani haijawahi kuvuliwa na wenyeji peke yao. Wapemba na Wavumba wamevuka maji haya tangu kabla ya mpaka kuwapo, na mpango wa dharura usiowataja unaandaa uvunjaji wake mwenyewe. Kuwapa dago nafasi chache za mshipi zenye masharti kungegharimu kidogo sana.

Mama karanga walikuwa wa kwanza kuona mambo yanavyokwenda. Wao ndio waliojua mwezi wa Aprili kwamba bei inaanguka na samaki wanaoletwa wanazidi kuwa wadogo, wiki nyingi kabla visiki na nyavu havijaonekana. Hakuna aliyewauliza hadi Juni. BMU inayotaka kujua hali ya bahari yake inapaswa kuanzia kwenye karai, kwa kuwa kanuni za BMU za mwaka 2007 ziliwapa wafanyabiashara wa samaki nafasi ndani yake. Kiti kilikuwapo, ila kwa kijiji hiki kilikaliwa kwa jina tu.

Kuhusu mikoko, funzo ni la kimfumo. Mtu akikosa fedha ya gesi au mkaa, kuni atazitoa palipo karibu. Baraza lililopanga chakula halikupanga moto wa kukipikia. Mkono wa bahari ulioachwa nje ya mazungumzo ndio uliokatwa, wakati kuruhusu kuokota matawi makavu na kutaja sehemu ya kukata nguzo kwa kibali kungepunguza hasara.

Hali ilivyoachwa

Mwaka 2021 kamati ilipotaka kufunga tena ukanda wa ndani, wazee wa madema walikataa. Hawakukataa tengefu, walikataa kurudishwa pale walipokuwa. Baada ya miezi ya mazungumzo walikubaliana kufunga na kufungua kwa misimu: ukanda unafungwa wakati wa kaskazi, ambapo wavuvi wanaweza kwenda nje ya mwamba na watalii ni wengi, na unafunguliwa kwa madema na mishipi kusi likivuma. Wanawake wa pweza walipata siku zao za bamvua na mwakilishi wao mwenyewe kwenye kamati. Sehemu ya kiingilio ilianza kuwekwa akiba, na hesabu kusomwa baada ya sala ya Ijumaa. Suala la wavuvi wa dago lilikuwa bado halijaamuliwa tulipokamilisha uchambuzi huu, na kaskazi la kuwaleta tena lilikuwa limeshaanza.